Kanisa lake liko wapi? Kisa cha Ujiji na Wapresbiteri wa Uskoti

Mgeni akifika Ujiji na kuuliza njia ya kwenda kwa Livingstone, yule mmisionari Mskoti wa karne ya 19, hata mtoto humwelekeza. Atateremka kuelekea ziwani, atalikuta jiwe la kumbukumbu na miembe ambayo wenyeji husema ni uzao wa mwembe ule wa mwaka 1871, atasimuliwa habari za Stanley, mwandishi wa habari aliyemtafuta hadi akamkuta hapo, na salamu yake iliyopata umaarufu kupita kiasi, kisha, kama ni mtu wa kanisa, atauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi hata nikaacha kulishangaa: "Sasa kanisa lake liko wapi?" Siku moja mzee wa mtaa ule, mwenye kanzu na kofia yake, alimjibu kwa upole mwalimu wa shule ya Jumapili aliyekuwa ameleta watoto kutoka Kasulu: "Mwalimu wangu, yule alikuwa msafiri, na msafiri hajengi."

Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Livingstone hakujenga, lakini Waskoti wenzake walijenga kwa jina lake, tena mara tu baada ya mazishi yake, na hawakujenga hapa. Nakusudia kukichambua kisa hicho: Wapresbiteri wa Uskoti, yaani Waprotestanti wanaoongozwa na mabaraza ya wazee badala ya maaskofu, wakiwa na fedha, meli na ari, waliiachaje njia ya Tabora na Ujiji, mahali ambapo jina la shujaa wao lilikuwa limeng'aa kuliko kwingine kote, na kwa nini kanisa lao lilikua kando ya Ziwa Nyasa ilhali wale waliokuja Ujiji badala yao hawakuacha usharika.

Kwanza tuondoe kosa moja linalorudiwa sana. Livingstone hakuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, akakulia katika familia iliyohamia kwenye kanisa la Kikongrigesheni, na aliyemtuma Afrika alikuwa Shirika la Misheni la London, ambalo halikuwa la Kipresbiteri. Kwa hiyo Kanisa la Presbiteri halikumrithi kama mwana anavyomrithi baba; lilimchukua kama kabila linavyomchukua shujaa wake, kwa sababu alikuwa Mskoti. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini baada ya kifo chake mashirika mawili yaligawana urithi: shirika lililomtuma lilidai Ujiji, na taifa lililomzaa likadai Nyasa.

Matukio yenyewe yanaanzia hapa kwetu. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Nyangwe mwishoni mwa mwaka 1871 akiwa mgonjwa na amefilisika, kwa kuwa bidhaa alizotumiwa zilikuwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Stanley alimkuta katika hali hiyo. Wakaenda pamoja kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, kisha mwezi Desemba wakaondoka kuelekea Unyanyembe, eneo la Tabora. Tangu Februari 1872 hadi Agosti mwaka huo Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora ya leo, akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Hiyo ni miezi sita ya mtu mashuhuri kuliko wamisionari wote wa wakati wake, akiishi katikati ya Wanyamwezi, akiandika na kusubiri. Hakuacha Kwihara darasa wala kundi la wanafunzi wa ubatizo, na sidhani kama alikusudia.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wakaubeba kuelekea pwani. Mwezi Oktoba walifika tena Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Laiti wangekubali, Tabora ingekuwa na kaburi, na huenda kanisa la ukumbusho lingejengwa juu ya kaburi hilo, maana Waingereza wa zama zile walipenda sana kujenga juu ya makaburi. Lakini mwili ulipita, ukafika Bagamoyo mwezi Februari 1874, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London, Westminster Abbey.

Miongoni mwa waliohudhuria mazishi hayo alikuwamo James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini, mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti. Mwezi uliofuata, Mei 1874, alisimama mbele ya Mkutano Mkuu wa kanisa hilo akapendekeza kianzishwe kituo cha ukumbusho kitakachoitwa Livingstonia. Wafanyabiashara wa Glasgow, akiwamo James Young aliyetajirika kwa mafuta ya taa na aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujanani, walichanga. Kanisa jingine la Kipresbiteri liliwaazimisha daktari wake kijana, Robert Laws. Mwezi Oktoba 1875 meli ndogo iitwayo Ilala, iliyokuwa imefunguliwa vipande vipande na kubebwa na mamia ya wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, ilielea juu ya Ziwa Nyasa.

Sababu ya kuchagua Nyasa haikuwa ya kiroho. Ilikuwa ni njia. Kutoka mlango wa Zambezi hadi Ziwa Nyasa mtu angeweza kwenda kwa maji karibu safari yote, isipokuwa kilomita 100 hivi za maporomoko. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji zilikuwa zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu, kila gora la kitambaa likiwa begani mwa mtu, na kila mtemi njiani akitaka hongo yake, yaani ushuru wa kupita. Stewart alikuwa ameiona njia ya Shire kwa macho yake mwenyewe miaka ya 1860. Kwa hiyo kamati iliyokaa Glasgow ilichagua kama mfanyabiashara yeyote wa Ujiji angechagua: kule ambako mzigo unafika kwa gharama nafuu. Tusiwalaumu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wakati ambapo mipaka ya makanisa ilikuwa imekwisha kuchorwa.

Ujiji ikabaki kwa Shirika la Misheni la London. Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, alitoa pauni 5,000 ili kazi ianze ziwani Tanganyika, na msafara uliondoka pwani mwaka 1877. Walijaribu kutumia magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Mmoja wa viongozi akarudi. Tarehe 23 Agosti 1878 waliingia Ujiji watu watatu tu: Thomson, Hore na Hutley. Thomson akafa kabla mwezi mmoja haujatimia. Mwenzao Dodgshun alifika mapema mwaka 1879 akafa baada ya wiki moja. Katibu wa shirika mwenyewe, Joseph Mullens, aliyetoka London kuja kuona kinachowasibu watu wake, alifia njiani karibu na Mpwapwa mwaka huo huo.

Hore, aliyekuwa baharia, alivumilia. Alipima ziwa, akachora ramani, akatunza amani na wakubwa wa mji. Lakini mji wenyewe haukuwa na haja naye. Mwinyi Kheri na wafanyabiashara wenzake walijua vizuri kwamba mwaka 1873 Waingereza walikuwa wamemlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja, na kwamba mzungu anayekuja na Biblia leo kesho huja na barua ya balozi. Walimruhusu kukaa, hawakumruhusu kustawi. Miaka michache baadaye kazi ikahamia kisiwa cha Kavala upande wa pili wa ziwa, kisha kusini kabisa, Niamkolo na Fwambo, ambako sasa ni Zambia. Ujiji haikubaki hata na usharika mmoja wa shirika hilo.

Hapa kisa kinapata kipengele ambacho wengi hawakijui: fedha ya Wapresbiteri ilifika Ziwa Tanganyika hata kama kanisa lao halikufika. Mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, mmoja wa wafadhili wa Livingstonia, alitoa pauni 4,000 mwaka 1881 ili itengenezwe barabara ya kuunganisha Nyasa na Tanganyika. Mhandisi wa kazi hiyo, ambaye naye aliitwa James Stewart, alifia Karonga mwaka 1883, na sehemu tu ya barabara ndiyo iliyokamilika. Hata hivyo vipande vya meli ya Shirika la London iliyoitwa Habari Njema vilipitia Zambezi, Shire, Nyasa na njia hiyo hadi vikafika ziwa letu. Yaani mzigo wa misheni ya Ujiji uliacha njia ya Tabora ukapita katika mikono ya Waskoti. Anayetaka kuelewa kwa nini Ujiji ilikufa kama kituo asome ankara za usafirishaji kabla ya kusoma mahubiri.

Sababu tatu hutolewa kueleza kushindwa kule: homa, Uislamu na umbali. Umbali nimekwisha kuukubali, lakini unaeleza tu kwa nini Waskoti hawakuja. Hauelezi kwa nini waliokuja hawakuzaa matunda. Homa haielezi lolote. Waskoti nao walikufa. Kituo chao cha kwanza, Cape Maclear, kina makaburi ya wamisionari hadi leo, na baada ya zaidi ya miaka mitano ya kazi walikuwa wamembatiza mtu mmoja, Albert Namalambe, mwaka 1881. Mwaka huo huo Laws akahamia Bandawe, na mwaka 1894 akapanda nyanda za juu za Khondowe. Kwa hesabu ya mwaka 1881, mtu angesema misheni zote mbili zimeshindwa sawasawa.

Uislamu ni sababu yenye uzito zaidi, ila huelezwa vibaya. Si kweli kwamba Waskoti hawakukutana na Waswahili. Karonga walipigana na mfanyabiashara Mlozi katika vita vilivyoanza mwaka 1887 na kwisha kwa Mlozi kunyongwa mwaka 1895, tena vita hivyo viliongozwa upande mmoja na kampuni ya biashara iliyozaliwa na misheni yenyewe, jambo ambalo Wapresbiteri wa leo hawapendi sana kulisimulia. Tofauti ni kwamba Mlozi alikuwa mgeni ndani ya boma katika nchi ya Wangonde, na alipoondoka nchi ilibaki ya wenyewe. Ujiji, kinyume chake, ilikuwa mji wa Waswahili. Ilikuwa na misikiti, vyuo vya Kurani, wazee wa mji, mila za ndoa na mazishi, na watu wa Manyema waliokuwa wakiingia katika jamii hiyo kwa kusilimu na kujifunza Kiswahili. Mtu aliyetafuta heshima, elimu na jamaa wapya alivipata vyote bila kubisha hodi kwa Hore.

Hili linanileta kwenye kiini cha uchambuzi wangu, nacho kinahusu umbo la Kanisa la Presbiteri lenyewe. Kanisa hili halina askofu. Mamlaka yake yanakaa katika mabaraza: usharika huchagua wazee, wazee pamoja na mchungaji huwa baraza la usharika, sharika kadhaa huwa presbiteri, presbiteri huwa sinodi, na juu yake kuna mkutano mkuu. Mzee wa kanisa si cheo cha heshima tu. Ndiye anayewahoji wanaotaka kushiriki Meza ya Bwana, anayesuluhisha ugomvi wa ndoa, anayejua ni nyumba gani ina mgonjwa na ipi ina njaa. Ili aifanye kazi hiyo ni lazima awe mkazi, awe anajulikana, na awe anasoma, kwa kuwa mapokeo ya Westminster, yaani mafundisho rasmi ya Wapresbiteri ya miaka ya 1640, yalimpa mwamini hata katekisimu fupi yenye maswali 107 ya kujibu. Kanisa la namna hiyo haliwezi kuishi bila shule, na haliwezi kuishi kati ya watu wanaopita. Baraza la wazee haliundwi na wapita njia.

Ujiji ya mwaka 1878 ilikuwa na watu wa aina mbili kwa macho ya misheni. Walikuwapo wakazi, ambao tayari walikuwa na wazee wao na vyuo vyao. Na walikuwapo wapita njia, yaani wapagazi, watumwa waliosubiri kuvushwa, wavuvi na wachuuzi wa chumvi ya Uvinza. Wa kwanza hawakuhitaji baraza jingine. Wa pili walihitaji sana, lakini hawakukaa. Wakulima wa Uha, ambao walikuwa wengi na wenye makao, walikuwa juu ya milima nyuma ya mji, na misheni ile iliyojaa mabaharia na mafundi wa meli ilielekeza macho majini. Hilo ndilo kosa ninaloliona mimi, na nalisema nikijua kwamba ni rahisi kukosoa ukiwa umekaa kivulini miaka zaidi ya 140 baadaye. Waanglikana walipoingia Uha katika karne ya 20 walipanda milimani, na ndiyo maana makao ya dayosisi yao ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga, yako Kasulu.

Kando ya Nyasa, Waskoti nao walianza kwa kutazama maji. Kilichowaokoa ni kwamba waliyaacha mapema. Walipohama Cape Maclear walikwenda kwa Watonga wa Bandawe, kisha kwa Wangoni, kisha kwa Wangonde: watu wenye mashamba, mifugo na wakuu wao. Wakafungua shule za vijiji, kwanza chache, kisha mamia kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliyejifunza kusoma mwaka huu alifundisha wenzake mwaka ujao. Chuo cha Khondowe kilitoa walimu, waseremala, wachapaji na makarani, na kutoka humo wakatoka wazee. Presbiteri ya kwanza iliundwa mwaka 1899. Mwaka 1924 presbiteri za Livingstonia na Blantyre (ya Malawi, si ile ya Uskoti) ziliungana kuwa Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati, Nkhoma ikajiunga mwaka 1926, na leo kanisa hilo lina sinodi tano katika Malawi, Zambia na Zimbabwe.

Jambo la pili lililotenganisha vituo hivyo ni watumishi Waafrika, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwaka 1876 Stewart alileta kutoka Lovedale wainjilisti wanne wa Kixhosa. Mmoja wao, William Koyi, alitumwa kwa Wangoni wa mkuu Mombera, waliokuwa wakiogopwa na kila mtu. Lugha ya Wangoni ilikuwa jamaa ya lugha yake. Alikaa nao barazani, akawaelewa, akaeleweka, na kwa miaka kadhaa alivumilia amri ya mkuu kwamba mafundisho yasitolewe kwa watoto. Alifariki mwaka 1886, na karibu na kifo chake ndipo ruhusa ya kufungua shule ilipotolewa. Hakuna mzungu ambaye angeweza kuifanya kazi ile.

Sasa msomaji wa Tabora akumbuke kwamba Wangoni hao walikuwa na ndugu zao huku. Watuta waliotikisa vijiji vya jirani na Ujiji, kisha wakakaa Runzewe na kushirikiana na Mirambo, mtemi wa Urambo, walitoka katika msafara ule ule wa Wangoni waliovuka Zambezi. Koyi mwingine angeweza kuzungumza nao. Hakutumwa. Shirika la London lilikuja Unyamwezi na daktari, fundi na baharia, wote wazungu, likawaajiri Wanyamwezi kwa mamia kubeba magora, masanduku na barua, kutoka pwani hadi ziwani na kurudi. Watu hawa walijua njia zote, lugha za njiani na tabia za watemi. Walibeba kila kitu cha misheni isipokuwa ujumbe wake. Sioni kosa kubwa kuliko hilo katika kisa chote, na nalisema bila kusahau kwamba Wanyamwezi wenyewe pengine wangependa mshahara kuliko katekisimu.

Wamisionari wa Kikatoliki, waliofika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879, waliliona pengo hilo wakajaribu kulijaza kwa njia yao. Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema kusini mwa ziwa mwaka 1889 akafanya kazi ya tabibu na katekista hadi kifo chake mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja. Utaratibu wa kanisa lake ni tofauti kabisa na wa Wapresbiteri, lakini kanuni ni ile ile: mtu mweusi aliyekaa.

Urambo ni kipimo kizuri cha hoja hii, kwa sababu pale mtawala alitaka misheni. Mirambo alimpokea Dokta Southon mwaka 1879 kwa furaha. Alihitaji daktari, alihitaji barua zake ziandikwe, na alihitaji rafiki wa kumfikisha kwa balozi wa Uingereza Unguja baada ya miaka mingi ya uhasama na wafanyabiashara wa Tabora. Southon alifariki mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya, na Mirambo mwaka 1884. Kazi iliyokuwa imeegemea urafiki wa watu wawili ikabaki bila nguzo. Mmisionari mmoja, Shaw, aliendelea karibu peke yake hadi mwaka 1898, kituo kilipokabidhiwa kwa Wamoravian. Wamoravian walisambaa: Sikonge ilifunguliwa mwaka 1902, hospitali na shule zikafuata, na leo Jimbo la Magharibi la kanisa hilo lina makao yake Tabora. Ardhi ile ile iliyoonekana ngumu ilizaa. Ni kweli kwamba utawala wa Wajerumani ulikuwa umemaliza vita vya watemi, na amani hiyo iliwasaidia Wamoravian kwa namna ambayo Southon hakuipata. Lakini amani peke yake haifungui darasa.

Nisiwapake Waskoti mafuta kupita kiasi. Laws aliwasili mwaka 1875. Wachungaji wa kwanza Waafrika wa Livingstonia, Hezekeya Tweya, Yesaya Zerenje Mwase na Jonathan Chirwa, waliwekewa mikono mwaka 1914. Ni miaka 39 ya mitihani, uchunguzi na kusubiri, wakati ambapo vijana wa vituo hivyo hivyo walikuwa wakiendesha shule, wakihubiri na kuzika wafu bila kuruhusiwa kubatiza. Uangalifu uliojenga mabaraza imara ndio uliowachosha watu. Wengine waliondoka wakaanzisha makanisa yao, na Mwase mwenyewe alijitenga mwaka 1933. Kanisa lililosifika kwa kuwapa wazee mamlaka liliogopa kumpa Mwafrika mamlaka ya mchungaji.

Kenya ilirudia sehemu ya kisa hiki kwa haraka zaidi. Stewart yule yule wa Lovedale alianzisha kituo Kibwezi mwaka 1891; homa na uchache wa watu vikakishinda; mwaka 1898 kikahamishiwa Thogoto, kati ya wakulima wa Kikuyu, na kutoka hapo likakua Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, ambalo tangu miaka ya 1970 linajulikana kwa neno Jitegemea, baada ya Mchungaji John Gatu kutaka hadharani mwaka 1971 kwamba wamisionari na fedha za nje visimame kwa muda. Tena tunaona kituo cha njiani kikifa na kituo cha mashambani kikizaa.

Kuna swali ambalo msomaji makini atakuwa amekwisha kuliuliza: misheni ya Ujiji nayo ilihama, je, haikuzaa huko ilikohamia? Ilizaa. Kusini mwa ziwa, kwa Walungu na Wamambwe, Shirika la London lilipata hatimaye watu wenye makao, likafungua shule, likapata walimu wenyeji. Na upande wa pili wa nyanda zile walikuwa wakija wale wa Livingstonia: kituo cha Mwenzo karibu na mpaka wetu wa leo, kisha Lubwa, ambako mwalimu kutoka Nyasa, David Kaunda, baba yake rais wa kwanza wa Zambia, alitangulia wamisionari wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungua shule kwa Wabemba, na Chitambo, pale pale Livingstone alipofia. Mwaka 1945 sharika za Shirika la London na zile za Kanisa la Uskoti ziliungana pamoja na kanisa la migodini la Copperbelt, na mwaka 1965 muungano huo ukapanuka kuwa Kanisa la Muungano la Zambia. Walioshindwa Ujiji na waliokwepa Ujiji wakaketi katika baraza moja la wazee.

Kwa hiyo siku hizi mgeni akiniuliza kanisa la Livingstone liko wapi, simpeleki popote mjini. Namwonyesha ziwa na kumwambia afuate njia ya Liemba, meli iliyozoea kutoka Kigoma kuelekea kusini hadi Mpulungu. Karibu na bandari ile, Niamkolo, zimesimama kuta za kanisa la mawe lililojengwa miaka ya 1890 na watu wa misheni iliyoanzia Ujiji. Paa halipo. Mwaka 1908 wakazi walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, wakaondoka na wazee wao, na usharika ukaendelea juu mlimani.